Kosa Moja Katika Karatasi Kumi na Moja

Maguu, Mbinga,
Ruvuma.
15 Septemba 2024

Mpendwa kaka Joakim,

Tumsifu Yesu Kristu, na shikamoo kaka. Barua hii imekufikia kwa mkono, si kwa posta, na najua sasa hivi una maswali mengi kichwani. Naomba ukae, unywe maji, usome bila haraka. Kila jambo nitalieleza kwa zamu yake.

Kwanza mnaendeleaje huko Musoma? Wifi Matilda amepona ule mguu? Tulipoongea mara ya mwisho aliniambia anatembea na fimbo, nikacheka, kumbe hakuwa anatania. Niombee msamaha. Na watoto? Crispin mwambie shangazi yake anataka kuiona ripoti ya shule kwa macho, siyo kusikia habari zake tu.

Huku kwetu tunamshukuru Mungu. Baridi ya mwezi wa saba ilitubana mpaka Vitalis mume wangu akawa analala na koti, lakini imepita. Kahawa tumechuma vizuri, iliyobaki ni ile ya mwisho, bado iko kwenye vichanja. Yule mbuzi wa ukoo wa mbuzi wa mama amezaa mapacha, wote majike. Shuleni nimeongezewa kidato cha nne, kwa hiyo sasa nasahihisha insha hata siku za Jumapili. Habari za baba zitakuja mbele.

Sasa nikusimulie filamu ya mpwa wako Kunigunda.

Unakumbuka alikupigia simu mwezi wa saba. Nilidhani anakusalimia tu. Nilimwona ameketi kwenye ngazi ya jikoni, simu ameibana kwa bega, anaandika daftarini karibu saa mbili nzima. Nilipomwuliza akasema, "Namhoji mjomba." Sikuchimba zaidi, nikajua ni mambo yao ya chuo.

Likizo hii alikuja kutoka Dodoma na wazo la kutengeneza filamu kuhusu wanafunzi wanaoibia mitihani. Alishirikiana na bwana Iddy, afisa mifugo wetu aliyehamishiwa hapa kutoka Pangani. Siku za Jumamosi Iddy hupiga video kwenye harusi, ana kamera nzuri na mdomo usioficha kitu. Kunigunda alimsomea hadithi ya kwanza hapa jikoni kwangu: mtihani unavuja, wanafunzi wananunua, polisi wanakuja, mkuu wa shule anatoa hotuba, mwisho. Iddy alimaliza chai yake, akasema, "Mwanangu, hili ni tangazo. Ukilibandika ukutani pale ofisini kwetu litafaa sana."

Nilidhani mtoto atalia. Alikunja karatasi zake akatoka nje. Kesho yake ndiyo siku aliyokupigia wewe.

Kaka, miaka kumi na saba nafundisha msuko wa hadithi. Nachora mlima ubaoni: hapa mwanzo, hapa tunapanda, hapa kilele, hapa tunashuka. Wanafunzi wanaunakili ule mlima, wanafaulu, wanausahau. Hiki alichokipanga binti yangu sijawahi kukichora ubaoni, wala nisingejua pa kuanzia.

Filamu inaitwa Theluthi. Inaanza moja kwa moja ndani ya chumba cha mtihani wa hesabu. Hakuna muziki. Kamera inapita taratibu juu ya madawati, unaona mikono na kalamu tu. Wanafunzi kumi na mmoja wanafika kwenye swali moja, na wote kumi na mmoja wanaandika mstari uleule, wenye kosa lilelile. Baadaye tunaona meza ya wanaosahihisha, karatasi kumi na moja zimepangwa pamoja, kalamu nyekundu inazungushia kosa lile kwenye kila moja. Ukumbini watu wakaanza kunong'ona. Mama mmoja nyuma yangu akasema kwa sauti, "Wameibia hao, wafukuzwe!"

Mtu akishatoa hukumu yake hivyo, ndipo hadithi inarudi nyuma wiki sita.

Tunamkuta Tunu, binti wa mvuvi wa usipa, wale dagaa wa Ziwa Nyasa, kule Liuli. Anaigizwa na Glorious, mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu, ambaye darasani hata ukimwita jina humsikii akiitika. Shuleni kwao kuna kijana anauza karatasi ya mtihani. Ni feki, lakini nani anajua? Wengi wananunua. Tunu anaikataa. Anawaambia wenzake kumi, "Njooni kwetu Jumamosi, nitawafundisha mimi." Anawafundishia kwenye banda la nyavu. Ubao wake ni ubavu wa mtumbwi uliofudikizwa, chaki yake ni kipande cha muhogo mkavu.

Siku moja anawafundisha ujazo wa pia, lile umbo kama faneli. Anasema unachukua nusu ya ujazo wa kopo lenye mdomo na urefu sawa nayo. Ilipasa aseme theluthi. Anasema nusu kwa uhakika wote, wenzake wanaandika nusu, na sisi watazamaji hatukuona kitu. Tulikuwa tunamtazama msichana mmoja anayesinzia mpaka kidevu kinagonga daftari, ukumbi mzima unacheka. Kunigunda alituchekesha makusudi ili lile kosa litupite.

Matokeo yanatoka. Walionunua karatasi feki wamefeli tu, wamekwenda zao, hakuna anayewasema. Waliofundishana ndio waliofutiwa matokeo, ndio walioitwa wezi. Maana habari za karatasi iliyouzwa zilikwisha kuenea kijijini, na kosa moja katika karatasi kumi na moja, nani atakubali limetoka kwenye banda la nyavu?

Miezi inapita. Tunu anamfundisha mtoto wa jirani, anafungua daftari lake la zamani, anaona ile nusu. Kamera inakaa usoni mwa Glorious mpaka unatamani umfunike. Kisha tunarudishwa kwenye chumba cha mtihani: picha zilezile za mwanzo, mikono ileile, kalamu zilezile. Hakuongeza wala hakupunguza hata moja. Safari hii hakuna aliyenong'ona. Yule mama aliyetaka wafukuzwe nilimsikia akivuta kamasi.

Mimi mwalimu wa mlima nilikaa pale nikawaza, huyu hakupanda mlima, huyu amechimba ngoro. Kila tukio aliliacha wazi kama lile shimo la ngoro shambani, maji yakatuama humo bila sisi kujua, mpaka wakati wa kuyahitaji.

Siyo kwamba haina kasoro. Upepo wa ziwa umeingia kwenye sauti, kuna maneno ya Tunu hayasikiki kabisa. Bwana aliyeigiza msimamizi wa mtihani anataka kucheka, unamwona. Na Iddy alipenda mno picha zake za wavuvi, akagoma zisikatwe, wanavuta nyavu mpaka unasahau mtihani. Lakini ukumbi wa parokia ulijaa, watu wamesimama hadi mlangoni, na hakuna aliyeondoka.

Kaka, lile banda la nyavu nililijua palepale. Ni ghala letu la kahawa. Nilikuwa darasa la saba, nilikuwa nawaletea togwa wewe na wenzako, na mlango wa ghala ulikuwa umejaa hesabu zako ulizoandika kwa mkaa. Sikuwahi kujua habari ya lile kosa. Kunigunda ndiye aliyeniambia, baada ya filamu, kwamba uliligundua miaka mitatu baadaye, ukiwa tayari huko Musoma, ukimfundisha mtoto wa mwenye nyumba wako. Na kwamba uliona haina maana tena kuandika nyumbani. Limeniuma sana hilo.

Kuna tukio jingine sina budi kulitaja. Siku ya matokeo Tunu anamwendea baba yake anayegeuza usipa kichanjani. Anamwambia, "Baba, sikuiba." Mzee anaendelea kugeuza samaki. Tunamwona kwa nyuma tu. Filamu nzima hatuuoni uso wake. Nilimwuliza Kunigunda amelitoa wapi, akasema ulimwambia hivi kwenye simu: "Maneno yake nimeyasahau. Nakumbuka mgongo."

Na mimi naukumbuka. Baba alikuwa amekaa uani anachambua kahawa, nawe umesimama na ile barua ya shule mkononi. Kesho yake ukaondoka. Miaka ishirini na minane, na siku ya mazishi ya mama mlikaa benchi moja kama watu waliokutana stendi.

Iddy alitaka filamu iishe kwa kupatana: mzee ageuke, wakumbatiane, kwaya iimbe. Alimwambia Kunigunda, "Watu wameacha kazi zao kuja kutazama, wape kitu cha kwenda nacho nyumbani." Waligombana siku mbili. Kunigunda akamjibu, "Mimi siwezi kuandika nisichokijua." Kwa hiyo inaishia Tunu akiwa amesimama nyuma ya baba yake na lile daftari. Anasema, "Baba, nimeliona kosa langu." Mikono ya mzee inasimama juu ya samaki. Basi, giza.

Filamu ilionyeshwa Jumapili iliyopita baada ya misa ya pili. Padri alitangaza kanisani kwamba ni kazi ya mjukuu wa mzee Placidi, na baba akaja. Alikaa benchi la tatu, kofia magotini. Sikuwa na namna ya kumzuia. Kwa nusu saa ya mwisho sikutazama filamu, nilimtazama yeye, na hakujitikisa hata mara moja.

Taa zilipowashwa Kunigunda alisimama mbele kujibu maswali. Bwana mmoja akalalamika kwamba amekatiwa mwisho, watu wakacheka. Kisha baba akasimama. Unajua anavyosimama, anaanza na fimbo, halafu magoti, halafu yeye mwenyewe.

"Mjukuu wangu," alisema, "huyo mzee, aligeuka?"

Kunigunda aliishika maiki kwa mikono miwili. "Sijui, babu. Nilifika hapo nikakwama."

"Na hilo kosa la nusu, umelitunga?"

"Hapana, babu. Nilisimuliwa."

Hakuuliza nani aliyemsimulia. Alivaa kofia yake, watu wakampisha, akatoka. Nilimfuata. Tulitembea mpaka karibu na mashine ya kukoboa, kisha akasimama.

"Aurelia, wewe ulikuwa unaingia mle ghalani?"

"Nilikuwa naingia, baba. Nilikuwa nawapelekea togwa."

"Uliona karatasi yoyote ya kununua?"

"Sikuona. Niliona mlango umejaa hesabu."

"Mbona hukusema?"

Nilikuwa na miaka kumi na minne, kaka. Nilingoja mtu aniulize, hakuna aliyeniuliza, na kunyamaza kukawa mazoea. Nilimwambia ukweli, kwamba niliogopa. Na wewe nakuambia hivyohivyo. Ningeweza kusema, sikusema. Unisamehe.

Jumatatu na Jumanne hakuonekana nje. Mwanamke anayempikia alisema anakula kidogo na anaongea peke yake. Jumatano asubuhi nikiwa navaa viatu niende shuleni nikasikia fimbo mlangoni. Hakusalimu hata. Alimwita Kunigunda, akamwambia, "Nionyeshe hiyo nusu."

Mtoto alichukua karatasi ya manila akatengeneza pia. Akaipima kwenye kopo la maziwa, mdomo ulingane na mdomo, urefu ulingane na urefu. Akaleta kahawa kavu. Baba akamnyang'anya, akasema atamimina mwenyewe. Akajaza pia, akamwaga koponi. Akajaza ya pili, akamwaga. Kopo halikujaa. Akatazama ndani muda mrefu. Akajaza ya tatu, akamwaga, akasawazisha kwa kiganja, na kopo likajaa sawasawa, zikazidi punje chache tu, akazipangusa.

"Tatu," akasema.

Akamwaga zote, akaanza upya. Alifanya hivyo mara tatu, kaka. Mimi kengele ya shule imekwisha kulia, nimesimama na kiatu kimoja. Mara ya tatu alipomaliza alikalia kile kinu kilicholazwa pale mlangoni.

"Kwa hiyo alikosea," akasema. "Mwanangu alikosea. Hakuiba."

Sijawahi kumwona baba akilia, hata tulipomzika mama. Alilia kama mtu anayekohoa, anajaribu kuzuia na haizuiliki. Kunigunda amesimama na karatasi yake mkononi hajui aiweke wapi. Nikaenda nikakaa karibu na baba kwenye kinu, nikamshika mkono, akaniacha nimshike.

Alipotulia nilimwambia nitakupigia simu sasa hivi, aongee na wewe. Alikataa. Nilimsihi, nikamwambia simu ni dakika moja, njia ni siku tatu. Akaniambia, "Jambo nililolikataa yeye akiwa amesimama mbele yangu, siwezi kulikubali kwenye simu."

Ana miaka sabini na sita, hajawahi kuvuka Songea. Vitalis alijitolea kumsindikiza, akakataliwa. Mwishowe alikubali kwenda na Kunigunda, ambaye anarudi chuo mapema. Atamlaza Dodoma siku moja apumzike, kisha ampandishe basi la Musoma na kumkabidhi kwa kondakta. Nilipokupigia na kukuomba uende stendi Alhamisi kupokea mzigo kutoka nyumbani, nilikudanganya. Alinikataza kukuambia. Alisema ukiambiwa anakuja, huenda ukaandaa jibu, naye hataki jibu lililoandaliwa.

Namstaajabia baba, kaka, nami sikuwahi kufikiri nitaandika hivyo. Wazee wengi wangesema yalishapita. Wangemtuma padri, au wangengoja mpaka kitanda cha mwisho. Yeye alipima kwa mkono wake mwenyewe mpaka akaridhika kwamba yeye ndiye aliyekosa, na siku ileile akaulizia nauli. Namstaajabia na mtoto wangu. Angeweza kumgeuza yule mzee kwenye filamu, watu wakapiga makofi wakaenda kula. Kama angefanya hivyo, nadhani baba angepiga makofi naye, akaenda kula.

Mambo madogo ya kumtunza: dawa yake ya presha ni asubuhi, kidonge kimoja, iko kwenye mfuko wa ndani wa koti. Maji ya baridi hanywi. Chai anywe ya rangi, na akisema ameshiba usimwamini. Kwenye begi kuna kilo mbili za kahawa ya wifi, na kuna kopo la maziwa tupu na manila iliyokunjwa. Nilimwambia viache, vitakuongezea mzigo, hakunisikiliza.

Alinitaka niandike kila kitu, hata aibu yake. Alisema, "Mimi kuanza sitaweza. Mwandikie yote, akisoma nitakuwa nimekaa hapo." Kwa hiyo najua kwamba sasa hivi yuko mbele yako, amekunja mikono juu ya fimbo, anakusubiri umalize ukurasa huu. Ana sentensi moja tu aliyoibeba kutoka Maguu. Nimemsikia akiifanyia mazoezi tangu Jumatano, uani, akidhani tumelala mchana. Usimsaidie, kaka. Hata akikwama, ngoja. Mwache aiseme mwenyewe mpaka mwisho.

Wifi Matilda umpe salamu zangu nyingi, na Crispin, na Anjelina mdogo ambaye leo anamwona babu yake kwa mara ya kwanza. Vitalis anakusalimu, Kunigunda naye, na bwana Iddy anasema angetoa ng'ombe mzima awepo hapo na kamera yake, nami nimemwambia hapana.

Mungu awakalie katikati katika nyumba hiyo, na Mama Maria awafunike.

Mdogo wako akupendaye siku zote,

Aurelia